Kumtambulisha Ghislaine

Mushasha, Gitega
12 Julai 2025

Baba Mdogo Anatoli,

Shikamoo. Naanza na magoti ya Mama Mdogo, maana ndiyo niliyoyaacha yakilalamika nilipoondoka Butihinda baada ya Pentekoste. Ile dawa ya kuchua imemsaidia? Sisi huku tu wazima. Binti yangu Christina amemaliza mitihani na sasa analala mpaka jua lipande, akisema ni haki yake. Kiangazi ni kikali. Vumbi la barabarani linaingia ateliye, chumba chetu cha kushonea, hata tukifunga madirisha, na vitambaa vyeupe vya masista navifunika kwa shuka kama wagonjwa.

Barua hii nampa Radjabu, dereva wa basi dogo la Muyinga, ambaye kila siku husema ataondoka kesho. Akipata mafuta ataondoka kweli. Ningekupigia simu, lakini najua unavyoishika simu: mbali na sikio, ukipiga kelele, halafu unakata kabla sijafika kwenye neno.

Na neno lenyewe ni hili. Unamkumbuka Ghislaine, yule Mkongomani uliyemkuta kwangu Krismasi, aliyekuambia kuwa Kiswahili chako ni cha redio? Yeye ndiye fundi wangu wa kukata. Wasioijua kazi yetu hudhani ateliye ni cherehani. Ateliye ni meza ya kukatia. Jeska na wenzake wanashona vizuri, lakini wanashona kilichokatwa, na kabla Ghislaine hajaja tulikuwa tukirudishiwa sare za shule kwa mafungu: mabega yamepanda, suruali zimebana. Tangu ashike mkasi, shule zinarudi zenyewe, na masista wamenipa hata kasula za mapadre.

Wiki iliyopita tuliitwa mkutanoni, wenye biashara wote wa mtaa. Tukasomewa amri: anayemwajiri mgeni aonyeshe kibali cha kazi cha mgeni huyo. Asiye nacho, mlango wake utafungwa na kutiwa lakiri. Mtu mmoja akauliza habari za wakimbizi. Akajibiwa kuwa mahali pa mkimbizi ni kambini. Kibali nacho kinataka pasipoti, na Ghislaine alitoka Fizi mwaka jana, vita vilipofika kijijini kwao, akiwa amemshika mkono binti yake Upendo, bila kitu ila nguo walizovaa.

Adriano, mwenye ateliye ya kule chini, aliwafukuza Wakongomani wake siku ileile, watu wakiona. Baada ya siku mbili akawaita wapitie mlango wa nyuma. Sasa wanashona madirisha yamefungwa, anawalipa chakula na kidogo cha sabuni, na hawawezi kumshtaki popote. Amri ile imemfaa sana.

Mimi siwezi kufanya hivyo. Kumwacha aende nako siwezi. Upendo anasoma mwaka wa pili hapa karibu na kanisa. Nyumbakumi wetu, Venansi, anapita kila asubuhi, anamwambia Ghislaine "Ça va, Mama Upendo?" na kuendelea na safari yake. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza kitu.

Wewe uliishi na kufanya kazi Tanzania bila karatasi kabla hamjaandikishwa kama wakimbizi. Niambie, mwajiri mwema hufanyaje?

Mwanao,
Kasilda

*

Butihinda, Muyinga
3 Agosti 2025

Mwanangu Kasilda,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 12 Julai nimeipata jana. Mkoa wetu sasa una jina jingine, kama unavyojua, lakini nimebadilishiwa majina ya mahali mara nyingi katika maisha yangu, nami nitaandika Muyinga mpaka mkono uchoke.

Mama Mdogo anasema dawa yako inanuka injini. Anaipaka hata hivyo, asubuhi na jioni, na juzi alikwenda kwa miguu mpaka harusini Mwakiro akarudi akiimba. Kahawa imechumwa yote. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mwambie Christina kwamba haki ya kulala haimo katika sheria yoyote niliyowahi kuisoma.

Sasa nakujibu, na naomba usome taratibu.

Nilivuka kwenda Tanzania mwaka 1972, nina miaka kumi na tisa. Kabla ya kuandikishwa nililima kahawa upande wa Ngara, kwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Adventina. Wenye mashamba wengine waliwalaza vibarua wa Kirundi katika mabanda ya mbuzi, na kila liliposikika gari waliwaamuru wakimbilie migombani. Nimewaona wanaume wenye wake na watoto wakilala kifudifudi chini ya migomba kwa sababu ya gari la mchuuzi wa chumvi.

Mama Adventina hakufanya hivyo. Alipika rubisi, pombe ya ndizi, akamwita balozi wa nyumba kumi pamoja na majirani, akanisimamisha katikati ya uwanja. Akasema: "Huyu ni Anatoli. Baba yake ni fulani, wa kilima fulani. Analima kwangu. Akikosa, niulizeni mimi." Balozi akanywa, akapitisha kibuyu. Tangu siku hiyo sikukimbilia migombani tena. Alipokuja mtu wa serikali kuulizia wageni, balozi alimjibu kwamba katika nyumba zake kumi hakuna mgeni. Hakusema uongo, maana nilikuwa nimetambulishwa.

Kwa hiyo usimfiche Ghislaine. Aliyefichwa huonekana mwizi hata kama ameshika mkasi wake mwenyewe. Na usimwache huyo Venansi aendelee kupita na salamu zake za Kifaransa. Tafuta urwarwa mzuri, ndio rubisi ya kwetu, usiotiwa maji, kwa sababu hata hapa kwetu hakuna mtu wala jambo linalojulikana kwa midomo mikavu. Waite majirani baada ya misa. Taja jina lake, na la baba yake, na anakotoka. Wakishakunywa, atakuwa mtu wao.

Naandika haya kwa hakika. Sibahatishi.

Baba yako mdogo,
Anatoli

*

Mushasha, Gitega
26 Agosti 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo, na hongera kwa ndama. Christina anauliza ataitwa nani. Matokeo yake bado, lakini uso wake unaonyesha kwamba hana wasiwasi, jambo linalonitia wasiwasi mimi.

Barua yako ilichelewa. Ilipofika nilikuwa nimeanza kuzoea kutofanya lolote: Ghislaine anakata, Venansi anapita, siku zinakwenda. Lakini ulikuwa umeniandikia, na mimi ndiye niliyeomba.

Tumefanya Jumapili iliyopita baada ya misa ya pili. Nilipata urwarwa kutoka kwa mama mmoja wa Giheta ambaye hachanganyi. Venansi alikuja amevaa koti. Jirani zetu wote walikuja, hata wale wasiosalimiana. Nikamsimamisha Ghislaine karibu na meza ya kukatia, nikasema: huyu ni Ghislaine, binti ya Bahizire, wa Fizi, ndiye anayewakatia watoto wenu sare. Mzee mmoja akamwambia kuanzia leo suruali ikimbana atajua pa kwenda kulalamika. Watu wakacheka. Mwingine akasema wamekuwa wakidhani ni mke mdogo wa mtu.

Venansi nilimpa wa kwanza. Aliishika glasi kwa muda kabla ya kunywa, nikaona ni heshima. Kisha akasema, "Haya. Asante kwa kutuonyesha mutu," akanywa yote.

Ghislaine alikuwa amevaa kitenge chake kizuri.

Sasa oda za shule zimeanza kuingia. Meza imejaa khaki mpaka ukutani. Nakuandikia nikiwa nimesimama.

Mwanao,
Kasilda

*

Butihinda, Muyinga
7 Septemba 2025

Mwanangu,

Safari hii Radjabu amekimbia kama anafukuzwa. Barua imefika mapema. Nimemsomea Mama Mdogo mara mbili, na mara ya pili alinikatiza kuuliza urwarwa ulitosha watu wangapi. Ndama tumemwita Mpozamarira, mfuta machozi, kwa sababu alizaliwa wiki tuliyomzika jirani yetu.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nilidhani desturi zile nilizikuta ng'ambo na kuziacha hukohuko.

Jambo moja tu. Hukuniandikia kama ulisema maneno ya mwisho, "niulizeni mimi". Bila hayo, kutambulisha ni maelezo matupu; mgeni anakuwa amejulikana lakini hajawa na mwenyewe. Kama uliyasahau, mwendee Venansi nyumbani kwake uyaseme.

Msalimie Ghislaine. Mwambie Kiswahili cha redio kinamsalimu.

Anatoli

*

Mushasha, Gitega
5 Oktoba 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mvua imeanza kwetu, nadhani na kwenu pia. Vumbi limekuwa tope. Christina amefaulu na amepelekwa shule ya bweni. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Jeska amebatizisha mtoto wake, nami nilikuwa mama wa ubatizo.

Kazi inakwenda polepole mwaka huu. Baadhi ya shule zimenunua sare zilizokwisha shonwa, zinazoletwa na malori. Rangi yake si khaki hasa, ni kama mchanga, lakini watoto watazivaa.

Niwie radhi kwa mwandiko. Mkono wangu wa kulia umevimba kidogo, maana mkasi mkubwa si kazi niliyoizoea. Nimeukanda kwa maji ya chumvi.

Jeska na Christina wanawasalimu sana. Mpe Mpozamarira majani kwa niaba yangu.

Kasilda

*

Butihinda, Muyinga
21 Oktoba 2025

Mwanangu Kasilda,

Tumefurahi sana kwa Christina. Mama Mdogo amemwekea kuku mmoja, ambaye sasa anajua kwamba ana mwenyewe na hataki kutaga.

Nimesoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma tena. Ni barua nzuri na haina kitu ndani yake. Mwenye ateliye aliye na fundi wa kukata havimbi mkono kwa mkasi. Na umewataja wote wanaonisalimu isipokuwa mmoja.

Nimekaa nchi za watu miaka mingi. Najua barua inavyoandikwa na mtu asiyetaka kuandika. Niambie lililotokea. Hata kama ni juu yangu, hasa kama ni juu yangu.

Anatoli

*

Mushasha, Gitega
16 Novemba 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Wote wazima. Leo siendi mbali na salamu.

Ghislaine alichukuliwa siku chache baada ya barua yako ya Septemba kunifikia. Walikuja watu wawili wa serikali na polisi mmoja. Hawakupiga kelele, hata viatu walivifuta mlangoni. Mmoja akasema, "Tunamtafuta Ghislaine, binti ya Bahizire, wa Fizi." Alisema vilevile nilivyosema mimi siku ile, neno kwa neno.

Alikuwa ameshachora kitambaa kwa chaki. Akaomba akimalize. Wakamruhusu, wakasimama pembeni kama wateja. Alikata mpaka mwisho, akapanga vipande, migongo na migongo, mikono na mikono, akavifunga kwa utepe ili Jeska asichanganye. Kisha akaenda nao kumtoa Upendo darasani. Wamepelekwa kambini, mkoa mwingine.

Nami nikaulizwa, kwa sababu nilikuwa nimesema niulizwe. Nilimwendea Venansi nyumbani kwake kama ulivyoniagiza, nikayasema yale maneno mbele ya mke wake. Mlango wangu ukatiwa lakiri. Ulipofunguliwa mwishoni mwa Septemba, shule zilikuwa zimekwisha kununua penginepo. Nimejaribu kukata mwenyewe. Umeona mkono ulivyofanya, na hukuziona suruali. Jeska sasa anauza parachichi sokoni. Wale wengine wawili wamerudi kwao kulima. Wote watatu ni Warundi, wana karangamuntu, vitambulisho vyao vya uraia, mfukoni, na amri ile ilisemekana ni ya kuwapa wao kazi.

Usifikiri Venansi alitusaliti. Mimi nilifikiri hivyo, nikampita barabarani bila kumsalimu mpaka alipokuja mwenyewe kukaa kwenye benchi la ateliye tupu. Akasema nyumbakumi wote walikuwa wameitwa, na kila mmoja akasimamishwa mbele ya wenzake aseme kama anamfahamu mgeni yeyote katika nyumba zake. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Mama Kasilda, kwa nini ulikuja kuniambia? Mi nilikuwa ninamujua tangu mwaka jana. Lakini nilikuwa ninamujua kwa macho, na macho hawayaulizi kwenye mukutano. We ukanijulisha yeye mbele ya batu, na glasi iko mukononi. Ningesema simujui, na mutaa wote ulikunywa?"

Nikakumbuka alivyoishika ile glasi. Haikuwa heshima, Baba Mdogo. Alikuwa anatafuta namna ya kutokunywa.

Kuna jingine ambalo sikukuandikia mwezi wa nane. Nilipomwambia Ghislaine habari ya kumtambulisha, alikataa. Alisema: "Mama, mi sitaki batu bakusanyike juu yangu. Kwetu, bakiita batu na kutaja jina ya baba yako, ni kukutafuta banakutafuta." Nikamweleza kwamba wewe uliishi hivyo, na kwamba unajua. Akafikiri, akasema, "Basi, kama muzee alisema." Akaenda kupiga pasi kitenge.

Sikulaumu. Nilikuwa na mdomo wangu na ningeweza kuufunga. Lakini kwa sasa naomba usinipe shauri lolote juu ya ateliye.

Kasilda

*

Butihinda, Muyinga
14 Desemba 2025

Mwanangu,

Umeniomba nisikupe shauri, sikupi.

Nimeanza barua hii mara kadhaa. Mara zote nilijikuta naeleza hali ya Ngara ya mwaka 1972, kana kwamba nikiieleza vizuri zaidi Ghislaine atarudi. Lakini jambo hili lina sababu zake, na nitakuwa nimekuomba radhi pungufu nisipozitaja. Balozi yule aliulizwa katika uwanja wake mwenyewe, na mtu mmoja aliyekuwa na kiu na haraka ya kurudi mjini. Hakusimamishwa mbele ya mabalozi wenzake. Mama Adventina hakuwa na mlango wa kufungwa. Shamba halitiwi lakiri. Na siku zile hakuna aliyemwambia mwenye shamba kuwa kosa la mgeni ni kosa lake. Nilijua haya yote. Nilikuwepo. Sikuyaweka mezani kwa sababu nilikuwa nasimulia ujana wangu, wewe ukausoma kama maelekezo, nami nilipenda uusome hivyo.

Hayo "niulizeni mimi" ndiyo yanayoniamsha. Ulikuwa umeyaacha, na ulifanya vyema. Mimi ndiye niliyekurudisha.

Ukimwandikia Ghislaine, usimsalimie kwa niaba yangu. Sina haki hiyo. Niambie tu kama ni mzima.

Mama Mdogo anakuombea Noeli yenye amani. Hajui nimeandika nini, lakini ameona nimepoteza hamu ya kula.

Anatoli

*

Mushasha, Gitega
15 Februari 2026

Baba Mdogo,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kunyamaza. Noeli tulikula vizuri. Christina alikuja na maneno mapya ya bweni, mengine nimemkataza. Mwambie Mama Mdogo kuku alifika, na kwamba alitaga yai moja ndani ya basi la Radjabu, ambaye anadai ni lake.

Mwezi uliopita nilikwenda kambini. Ghislaine ni mzima. Amepungua. Upendo anasoma chini ya turubai pamoja na watoto wengi mno, kwa sababu tangu Desemba wamevuka wengi kutoka Uvira. Nilimpelekea mkasi wake. Aliniuliza nani anakata sasa, nikamwonyesha mkono wangu, akacheka mpaka akajifunika uso.

Nilimwomba radhi. Akasema: "Mama, hakuna mutu mwengine aliishasimama mbele ya batu kunisemea. Ile nayo nitabaki nayo." Sijui kama huo ni msamaha. Umenilemea kuliko kama angenitukana.

Sasa sikiliza. Juzi alikuja mwanamke kijana, anaitwa Arielle. Alisimama mlangoni akiangalia meza ya kukatia namna ambayo watu hawaiangalii meza. Alisema anajua kukata. Sikumwuliza zaidi ya hapo, lakini ulimi wake ni wa kulekule. Masista wameniambia wangependa kurudisha kazi yao kwangu kama nitapata mtu. Jeska nimemkuta sokoni, amesema siku nitakayomwita ataacha parachichi papo hapo barabarani.

Nimemwambia Arielle arudi Jumatatu ya wiki ijayo.

Nilikukataza kunipa shauri. Sasa naomba.

Kasilda

*

Butihinda, Muyinga
8 Machi 2026

Mwanangu Kasilda,

Marahaba. Sisi wazima. Maharage ya msimu huu yameota vizuri kuliko ya mwaka jana. Yai la basini tumeamua ni la Radjabu.

Barua yako imefika jana. Jumatatu yako imekwisha kupita, kwa hiyo ulilolifanya umelifanya. Nakuomba usiniandikie ni lipi. Usinitajie jina tena, wala kabila, wala mto aliovuka mtu. Niandikie kama sare zinatoka na kama masista wanaridhika. Nikiulizwa na yeyote, hata na Mama Mdogo, nataka nisiwe na la kujibu. Hilo ndilo shauri langu, na ninalitoa kwa uchungu, kwa sababu maisha yangu yote nimeamini kinyume chake.

Nikueleze kitu kilichonipata.

Mwisho wa Januari, tulipoanza kupanda, alikuja mtu mzima, mwanamume, akasimama kwenye ukingo wa shamba. Akauliza kama nina jembe la pili. Alisema Kiswahili, na hapa Kiswahili hakionyeshi chochote: nusu ya kilima tumekileta kutoka makambini. Huenda ni Mkongomani. Huenda ni mwenzetu aliyefukuzwa mashamba ya ng'ambo, akaona haya kurudi kwao mikono mitupu. Nilimpa jembe.

Alilima nasi mpaka maharage yakapata majani. Jirani waliniuliza yule ni nani, nikawajibu, "Analima." Wakaniangalia, maana wananijua. Mimi ndiye wanayemwita kila mtu anaporudi kutoka Tanzania, niseme ni mtoto wa nani na babu yake alizikwa wapi. Lakini hawakuuliza tena. Wanaume wa hapa ni wepesi kuelewa pale wasipotakiwa kuelewa.

Kwa Mama Mdogo ilikuwa kazi ngumu zaidi. Hajawahi kumpakulia mtu chakula bila kumwuliza mama yake anaitwaje. Siku ya kwanza aliufungua mdomo mara tatu na mara tatu nikamkanyaga mguu. Basi tukawa tunakula na kuzungumza juu ya mvua, na wadudu wa maharage, na ndama. Nilimwita "ndugu". Alikuwa mlaji wa taratibu, alifunga jembe vizuri, na alipoinama alishika kiuno upande wa kushoto, kama mtu aliyewahi kuumia. Ndiyo yote ninayoyajua.

Wale niliolima nao kwa Mama Adventina, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, naweza kukutajia mmoja mmoja, na baba zao, na vilima vyao.

Jumamosi ya mwisho ya Februari alimaliza mstari wa mwisho. Nikampa chake. Aliliosha jembe kisimani, akaliegemeza ukutani, akarudi kusimama mbele yangu.

"Muzee," akasema, "haujaniuliza jina yangu."

Nikamwambia, "Sijakuuliza."

Alibaki pale. Hakuwa na mzigo wa kufunga wala kitu alichosahau. Jua lilikuwa limemwangukia usoni na hakusogea. Kisha akamshukuru Mama Mdogo, akateremka kwa njia ya bondeni, nami nikamfuata kwa macho mpaka migomba ikamziba.

Nadhani alitaka kuulizwa.

Baba yako mdogo,
Anatoli